Kadi Ipo, Jina Halipo

Mwaka 2024 mkazi wa Ng'ambo asiyekuwa na kadi, aliyetaka kukamilisha mambo yake yote ya kura, alitakiwa kuandikishwa mara mbili. Mwezi Julai alipanga foleni ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, akapigwa picha, akaweka vidole kwenye mashine, akaondoka na kadi yenye sura yake. Mwezi Oktoba alitakiwa kwenda tena, safari hii kwenye kituo cha mtaa wake, akataja jina na umri, akaweka sahihi kwenye karatasi, akaondoka mikono mitupu. Kadi ya Julai ni ya kumchagua Rais, mbunge na diwani. Karatasi ya Oktoba ni ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa na kamati yake. Mwenye kadi ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi, tarehe 27 Novemba 2024 alibaki mtazamaji.

Kwenye kikundi chetu cha kazi za darasani tupo tisa, wote mwaka wa tatu, wote walimu watarajiwa. Wiki moja baada ya uchaguzi niliuliza nani amepiga kura ya mtaa. Tulikuwa wawili. Wale saba wote wana kadi, tena mmoja aliitoa mfukoni kunionyesha, kama vile mimi ndiye niliyemnyima haki yake. Akaniambia, "Sasa hii kadi ni ya nini?" Swali zuri kabisa, na nimeona nilijibu hapa kwenye jarida letu, kwa sababu naamini hata wewe unayesoma unalo.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunaijua nusu nusu. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa hausimamiwi na Tume. Unasimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, kwa kanuni zinazotolewa na waziri mwenye dhamana. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 ilitaja jukumu hilo, lakini kwa utaratibu ambao ungewekwa na sheria nyingine ya Bunge, na hiyo nyingine haikuwepo. Kwa hiyo mwaka 2024 TAMISEMI ikaendelea kama ilivyokuwa mwaka 2014 na 2019. Ndiyo maana kukawa na daftari mbili ambazo hazisomani: Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lililo kwenye mashine za Tume, na orodha ya mtaa iliyoandikwa kwa mkono ndani ya siku kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba.

Sifa za kuandikishwa kwenye orodha ya mtaa ni chache na zinaeleweka. Uwe raia wa Tanzania. Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi. Uwe na akili timamu. Uwe mkazi wa mtaa huo. Basi. Hakuna anayekuuliza kipato, elimu, kabila, wala nyumba ni yako au umepanga. Taifa zima waliandikishwa zaidi ya watu milioni 31, karibu asilimia 95 ya lengo la Serikali. Ukisikia hesabu hiyo unaweza kudhani kila mtu aliingia. Mimi naishi na Bibi yangu Ng'ambo, kwenye nyumba yenye vyumba sita vya kupangisha uani, na nikiangalia uwanja wetu tu naona wengi walioachwa nje ya hiyo milioni 31, au waliokaribia kuachwa.

Nianze na mama anayeuza dagaa wa Kigoma sokoni. Amepanga kwa Bibi tangu sijaanza shule ya msingi. Watoto wake wawili wamezaliwa hapo hapo uani. Tangazo la gari lilipopita, alisema, "Mimi kwetu Ujiji, kura yangu iko huko." Bibi akamuuliza, "Mwanangu, Ujiji umelala lini mara ya mwisho?" Akafikiri. Ilikuwa msiba wa mama yake, miaka sita nyuma. Kesho yake alikwenda kituoni na kanga yake begani, akaandikwa, hakuulizwa hata kitambulisho.

Wa pili ni mlinzi wa usiku. Yeye aliamini kwamba bila kitambulisho cha NIDA hakuna kitu. Ana namba tu, kadi yenyewe haijamfikia. Nilimweleza kwamba kituoni wanataka jina, umri na sahihi, na kwamba siku ya kura vitambulisho vinavyokubalika ni vingi, hata cha kazi kimo. Hakuniamini mimi, aliamini alipoona mama wa dagaa amerudi salama.

Wa tatu ndiye aliyeniumiza kichwa. Ni kijana wa jirani, fundi pikipiki, ana miaka 17. Julai alipewa kadi na Tume, na hilo halikuwa kosa, kwa sababu Tume iliwaandikisha pia wale ambao wangetimiza miaka 18 ifikapo Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025. Oktoba akaenda kituo cha mtaa na kadi yake mkononi, akarudishwa, na hilo nalo halikuwa kosa, kwa sababu kwenye orodha ya mtaa mtu wa miaka 17 ni mtoto. Akaja kwangu amekasirika. "Wewe si unasomea ualimu? Nieleze. Kwa Rais mimi mtu mzima, kwa mwenyekiti wa mtaa mimi mtoto?" Nilimweleza, akaelewa, lakini hakuridhika. Na mimi simlaumu. Wakati huo huo vyama vya upinzani vilikuwa vinalalamika kwamba sehemu mbalimbali za nchi wanafunzi wasiotimiza umri wameandikishwa. Kijana wetu alisikia redioni, akacheka kwa uchungu.

Nimesema sifa zinaeleweka, lakini kila moja ina uzito wake kwenye mkoa wetu. Chukua uraia. Ulyankulu iko mkoani humu humu, na watu wake wengi ni familia za Warundi waliokimbia mwaka 1972. Walikaa wakimbizi kwa zaidi ya miaka thelathini. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Nina mwanafunzi mwenzangu kutoka huko. Yeye hasahau kujiandikisha hata siku moja. Sisi wengine tuliozaliwa na uraia mdomoni ndio tunaoulizana kadi ni ya nini.

Lakini sifa inayotushinda wanachuo siyo uraia wala umri. Ni ukazi. Nilipokuwa BTP mwaka jana, nikifundisha Uraia Kidato cha Pili hapa hapa mjini, nilieleza haki ya kupiga kura vizuri tu, kwa dakika arobaini, na chati ukutani. Mwisho wa kipindi binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe unapiga kura wapi?" Nikamjibu, Ng'ambo, kwa Bibi. Akasema, "Na mwalimu mwenzako?" Mwenzangu wa BTP, mtu wa Kasulu, alikuwa amekaa pembeni anasahihisha madaftari. Alinyanyua kichwa, akatabasamu, hakujibu. Kwa kweli hakuwa na jibu.

Neno mkazi ukiliweka Ng'ambo linakuwa gumu na rahisi kwa pamoja. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili, na upande wa pili huwa ni wa watu waliotoka mahali. Mji wetu ulijengwa na njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika, mingine ikaenda magharibi mpaka Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi walikuwa Wanyamwezi wenyewe kwa sehemu kubwa, watu ambao mwaka mmoja yuko pwani na mwaka wa pili yuko Manyema. Biashara ile ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu pia, na wapo waliofika hapa wakiwa wamefungwa. Baadaye ikaja reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaleta wengine. Ukiwauliza majirani zetu babu zao walitoka wapi, utapata Ujiji, Manyema, Usukuma, Unguja, na wachache watakuambia Unyanyembe. Ungedai kila mmoja aonyeshe kaburi la babu yake wa nne ndipo awe mkazi, Ng'ambo isingekuwa na mpiga kura.

Na kanuni haidai hivyo. Mkazi ni mtu anayeishi hapo kwa kawaida yake. Tarehe 11 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alijiandikisha Chamwino, Dodoma. Ni mzaliwa wa Kizimkazi, Unguja, nchi nzima inajua. Lakini orodha ya mtaa au kitongoji haiulizi ulizaliwa wapi, inauliza unaishi wapi. Kama Rais ni mkazi wa Chamwino, basi na mwanachuo aliyelipa kodi ya miezi sita Ng'ambo, anayechota maji bomba la Ng'ambo na kuibiwa Ng'ambo, ni mkazi wa Ng'ambo.

Nimetaja kuibiwa makusudi. Mwezi Machi 2024 mageto matatu ya mtaa wetu yalivunjwa ndani ya wiki mbili, yote ya wanachuo. Laptopu mbili zilikwenda, moja ikiwa na utafiti wa mtu wa mwaka wa tatu ambao hakuwa ameuhifadhi kokote. Simu, jiko la gesi, mpaka viatu. Tukaenda mkutano wa mtaa, wanachuo kama kumi na wawili, tukitaka jambo moja: taa kwenye uchochoro ule na zamu ya ulinzi ipite na upande wetu. Mkoa huu ndio mmoja wa mikoa ilikoanzia sungusungu miaka ya 1980, kwa hiyo mambo ya ulinzi wa wananchi siyo mageni kwa wazee wetu. Mchango wa ulinzi tulikuwa tunatoa kila mwezi kama wapangaji wengine. Mwenzetu wa Kasulu aliposimama kuzungumza, mzee mmoja alimkatisha kwa upole kabisa: "Wanangu, ninyi ni wapita njia. Mkimaliza chuo mnaondoka. Haya ni mambo ya wenyeji." Watu wakaitikia. Ajenda ikapita. Mchango tuliambiwa tuendelee kutoa, neno tuliambiwa tusiseme.

Usiku ule nilimuuliza Bibi kuhusu wapita njia. Bibi alizaliwa mwaka 1950. Mwaka 1958, Januari, TANU ilifanya hapa Tabora ule mkutano mkuu wa kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu au wasusie. Wanafunzi wa historia mnalijua hili. Ili uandikishwe kupiga kura wakati ule ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo fulani, na mbele ya sanduku ulilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake, na TANU ikashinda pamoja na wale wa rangi nyingine iliowaunga mkono. Sisi darasani tunafundishwa kuuita uamuzi wa busara, na tunaishia hapo.

Bibi anauangalia kwa jicho jingine. Baba yake alikuwa mchuuzi wa karanga, hajui kusoma, na pauni 150 alizisikia tu. Mkutano ulifanyika mjini kwake, wageni wakalala kwenye nyumba za majirani zake, uamuzi ukafanyika, na yeye kura hakuwa nayo. "Baba alikuwa mwenyeji kuliko wote," Bibi alisema, "na hakuandikwa. Sasa huyo anayewaambia ninyi wapita njia anadhani wenyeji ndiyo ulikuwa unaandikwa?" Nilikaa kimya, maana nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Sifa zimebadilika tangu wakati ule. Leo mchuuzi wa karanga na profesa wanaandikwa kwenye karatasi moja, mistari miwili inayofuatana. Ni ushindi mkubwa, na karatasi yenyewe ni ya kawaida mno kiasi kwamba hatuuoni.

Sasa turudi kwa wanachuo na Oktoba. Kati ya vyumba sita vya Bibi, vinne vina wanachuo, jumla saba. Orodha ilifunguliwa tarehe 11, ikafungwa tarehe 20. Chuo kilikuwa bado hakijafunguliwa. Wapangaji wetu saba walikuwa Kasulu, Geita, Mbeya, Mpanda, kila mtu kwao, wanasubiri kurudi na kusubiri bumu. Uwanja wetu ulikuwa na kufuli nne mlangoni. Siku ya saba binti wa chumba cha nne alimpigia Bibi simu kutoka Geita. "Shikamoo Bibi. Naomba unipeleke na mimi jina langu." Bibi, ambaye kwake jambo likishaombwa kwa shikamoo ni lazima lifanyike, alifunga safari mpaka kituoni, akamwambia mwandikishaji, "Andika na wa chumba cha nne." Mwandikishaji akacheka, akamwambia, "Bibi, kila mtu anakuja mwenyewe." Alikuwa sahihi. Tungekubali majina ya simu, orodha ingejaa watu wasiokuwepo kabisa. Bibi alirudi amenuna, akasema siku hizi hata kumwaminisha mtu mzima haiwezekani.

Mwenzangu wa Kasulu yeye alijiandikisha kijijini kwao, kwa wazazi. Alikuwa na haki hiyo, wakati huo ndiko alikokuwa anaishi. Lakini orodha ya kijiji haisafiri. Novemba 27 ilikuwa Jumatano, Serikali ikatangaza mapumziko nchi nzima, na Alhamisi tulikuwa na jaribio. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula chakula chake cha wiki mbili. Akabaki. Kwenye zile milioni 31 za waliojiandikisha yumo. Kwenye waliopiga kura hayumo. Na mtaani kwetu, ambako analala miezi tisa kwa mwaka na kuchangia ulinzi, hayumo kotekote.

Orodha zilibandikwa baada ya tarehe 20 ili watu wazikague. Chuo kilipofunguliwa karatasi zilikuwa bado zinaonekana ukutani, jua limezifanya za njano. Wapangaji wetu walizisoma moja moja wakipita. Binti wa chumba cha nne alitafuta mpaka mwisho ingawa alijua. Nilimwona ameweka kidole kwenye jina la mama wa dagaa, akasema, "Angalau mmoja wa uwanja wetu."

Zikaja kampeni, siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba. Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho somo la Uraia halikunifundisha. Wagombea walipita nyumba kwa nyumba. Kwetu waliingia, wakaamkia Bibi, wakamuuliza mama wa dagaa shida zake, wakaahidi taa kwenye uchochoro wa sokoni. Uani kwenye vyumba vya wanachuo hawakufika. Hawakuwa na chuki na mtu. Mgombea mwenye siku saba anahesabu majina, na uani kwetu majina hayakuwepo. Uchochoro ule mwingine, wa mageto yaliyovunjwa, haukutajwa na mtu yeyote kwa siku zote saba.

Najua utaniambia nini, kwa sababu nimeshaambiwa. Mmoja wa wale saba kwenye kikundi chetu alisema, "Hata tungeandikwa, nini kingebadilika?" Hoja yake ilikuwa na ushahidi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikuu vya upinzani vikasusia, na CCM ikachukua karibu kila kiti. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na matokeo yaliyotangazwa yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote. Kuna sehemu mgombea alikuwa mmoja, ukapewa karatasi ya ndiyo au hapana. Sitaki kumjibu mwenzangu kana kwamba haya hayapo. Yapo, na kila mmoja ana haki ya kuyasema na kuyapima kwa akili yake.

Lakini hoja hiyo inahusu nani alishinda. Mimi naongelea nani alihesabiwa. Hata mgombea anapokuwa mmoja, anajua wangapi wamemwandikia hapana. Na mwenyekiti akishakaa kwenye kiti, awe wa chama chochote, ndiye anayeongoza mkutano ule tulionyamazishwa. Ofisi yake ndiyo inayotia mhuri kwenye fomu yako ya mkopo wa elimu ya juu. Ndiyo inayokupa barua ya utambulisho ukitaka kumdhamini rafiki yako polisi. Ukimaliza chuo bila ajira, na tunajua foleni ya ajira za ualimu ilivyo, mkisajili kikundi cha vijana mkaomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, watakaoulizwa kwanza kama mnajulikana ni wa mtaa. Mbunge tunamwona kwenye runinga. Mwenyekiti wa mtaa unamwona amekaa chini ya mwembe, na anakuuliza, wewe ni wa nyumba gani?

Kwa hiyo nina mambo manne ya kuomba, na nayaelekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi kwa sababu ndiyo tuliyoichagua sisi.

La kwanza, tarehe za kuandikisha zinapangwa kwa kanuni na matangazo ya TAMISEMI, hazikushuka kutoka mbinguni. Serikali za wanafunzi za vyuo zikiandika mapema, kwa pamoja, zikaomba siku za kuandikisha ziangukie wakati vyuo vimefunguliwa, au siku mbili tatu ziongezwe kwa ajili ya maeneo yenye vyuo, hilo ni ombi ambalo mtu anaweza kulijibu. Asipoulizwa mtu, halina jibu. Uchaguzi unaofuata wa mitaa ni 2029. Barua iandikwe mapema, isisubiri mwaka wenyewe.

La pili, wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tunawaonyesha maktaba, zahanati na mahali pa kulipia ada. Tuwaonyeshe na ofisi ya mtaa. Kila anayepanga nje ya hosteli apelekwe akajitambulishe, aingie kwenye daftari la wakazi. Ni dakika kumi. Mwenye jina kwenye daftari hilo ni vigumu kumwita mpita njia.

La tatu, mkutano wa mtaa hauhitaji kadi wala orodha ya wapiga kura. Mkazi mwenye miaka 18 anaingia na anazungumza. Tulinyamazishwa mara moja kwa sababu tulikwenda mara moja, tena tulipoibiwa. Twende hata siku ambayo hatuna shida. Wazee wa Ng'ambo hawana ubaya, wanataka kuzoea uso.

La nne ni la Uchaguzi Mkuu. Uliopita ulikuwa Oktoba 2025, na Tume ilitakiwa kulifungua tena Daftari la Kudumu kabla ya hapo. Angalia kadi yako imeandikwa kituo gani. Kama siku ya uchaguzi utakuwa mkoa mwingine, nenda ukahamishe taarifa zako muda utakapotangazwa. Usije ukawa na kadi Kasulu na mwili Tabora.

Mwaka 2029 wengi wetu hatutakuwa hapa. Tukijaliwa ajira tutakuwa Kaliua, Sikonge, Uvinza, Mlele, kwenye shule ambazo hatujawahi kuzisikia, tumepanga chumba kwa bibi wa mtu mwingine. Na kila mwenye macho anajua kwamba wanaowekwa kuandikisha wapiga kura mara nyingi ni walimu. Yaani kalamu itakuwa mkononi mwetu. Atakuja mtu mbele ya meza, dada wa kazi za ndani au kijana wa kuchunga, atasema kwa aibu kwamba yeye siyo wa hapa, amepanga tu. Muulize ana miaka mingapi na analala wapi, kisha mwandike.